Mvua ya mawe yenye rangi ya turungi: uchambuzi wa kisa kutoka chini ya milima ya Nandi

Wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya upili iliyo kati ya Chemelil na Muhoroni waliandika dai zito kwenye bango lao la maonyesho ya sayansi: moshi wa mashamba ya miwa ya kwetu ndio unaoyeyusha barafu ya Mlima Kenya. Chini ya dai hilo walibandika karatasi ya kuchujia iliyojaa vijichembe vyeusi, na pembeni wakaweka chupa ya maji yaliyopita kwenye karatasi hiyo. Maji hayo hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya turungi hafifu. Mwalimu wao wa kemia aliniomba niipitie kazi hiyo kabla haijaenda ngazi ya kaunti ndogo, kwa kuwa nilifanya kazi ya maabara Kisumu kwa muda mrefu na shughuli yangu kubwa ilikuwa maji.

Dai lenyewe lilikuwa limeruka hatua nyingi. Lakini kile walichokiona kwa macho kilikuwa cha kweli, na ni jambo ambalo hata watu waliosoma sana hawajalisikia: kaboni ya moshi inayokula mwanga haiko ya rangi moja. Kuna masizi meusi tunayoyajua sote, na kuna nyingine ya kahawia, inayoyeyuka majini, inayopenya karatasi ya kuchujia na kutoka upande wa pili. Nilipoiona ile chupa nilijua watoto hawa wameshika kitu. Kazi ilikuwa kujua ni kitu gani hasa.

Mvua ya mawe si mgeni huku. Hewa nyevu ya Ziwa Victoria husukumwa mchana hadi kwenye ukuta wa Nandi na nyanda za Kericho. Inapanda, inapoa, mawingu yanajengeka, na jioni mawe yanashuka juu ya majani chai. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Chini kwenye miwa hupungua, lakini hufika. Siku waliyokusanya ilikuwa mwisho wa kiangazi. Wakulima walikuwa wamechoma mabaki ya miwa, yale majani makavu yanayobaki shambani baada ya kukata, na nyuzi ndefu za majivu meusi zilikuwa zimeangukia nguo zilizoanikwa nyuma ya mabweni. Mawe yalipoanza, wanafunzi walikimbilia jikoni wakachukua sufuria. Moja wakaiweka katikati ya uwanja ipokee mawe kutoka juu. Nyingine wakaijaza kwa mawe waliyozoa ardhini kando ya shamba mvua ilipokatika. Yote yakayeyushwa pamoja na kuchujwa.

Kisha wakafanya jaribio la pili. Maji machafu, yasiyochujwa, waliyagandisha kwenye trei ndani ya friji ya kantini, na ya bomba wakayagandisha kwenye trei nyingine. Trei zote mbili zikawekwa juani. Barafu chafu ikaisha kwanza. Kutoka hapo wakaruka moja kwa moja hadi Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199 juu ya bahari.

Nianze na rangi, kwa sababu ndiyo roho ya kisa. Mmea unapoungua kwa moto mkali wenye hewa ya kutosha, sehemu ya kaboni yake hugeuka masizi: chembe ndogo, ngumu, zisizoyeyuka majini, zinazokula mwanga wa kila rangi karibu sawasawa, na ndiyo sababu ni nyeusi. Moto ukiwa wa kufuka, kuni ikiwa mbichi au rundo la majani likiwa limelowa, joto halitoshi kumaliza kazi. Lignini, ile inayoupa mmea ugumu, huvunjika nusunusu na kutoa molekuli zenye duara za kaboni, fenoli na jamaa zake. Nyingine zikikutana hewani na oksidi za naitrojeni hugeuka naitrofenoli, ambazo ni za manjano kali. Hizi hazili mwanga wote. Hula urujuanimno (mwanga usioonekana uliopita urujuani), urujuani na bluu, na kuiachia nyekundu ipite. Jicho likipelekewa mwanga uliopunguzwa bluu huona manjano au kahawia. Kwa hiyo imeitwa kaboni ya kahawia. Mwaka 2006 Andreae na Gelencsér waliandika makala iliyowasukuma wengi waache kuihesabu kaboni yote inayokula mwanga kana kwamba ni masizi matupu, na tangu hapo utafiti wake umekua sana.

Niliwaonyesha wanafunzi njia ya kuliona hilo bila mashine. Tulichukua tochi ya simu na vipande vya plastiki ya rangi ya kufungia zawadi, bluu na nyekundu. Chupa ya maji ya mawe ikasimamishwa mbele ya ukuta mweupe darasani, mapazia yakafungwa. Kwa plastiki nyekundu, doa la mwanga ukutani halikubadilika, iwe chupa ipo au haipo. Kwa ya bluu, chupa ilipoingia doa lilififia mbele ya macho yao. Msichana aliyeshika tochi aliitoa na kuirudisha chupa mara kadhaa, hakuamini. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga wa kila rangi unaopenya kwenye maji, na mara nyingi huangalia urefu wa wimbi wa nanomita 365, kwenye urujuanimno ulio karibu na mwanga wa macho, kwa sababu hapo rangi hii hula vizuri na chumvi za naitreti hazivurugi kipimo.

Swali likaja: rangi hii imetoka wapi? Wanafunzi walikuwa na jibu moja tu, mbinguni. Mimi nilikuwa na wasiwasi na mambo mawili. Mawe yaliyozolewa ardhini yalikuwa yamelala juu ya majani yaliyopasuliwa na mawe hayohayo, na jani lililopasuka likilowa hutoa tanini, ambayo nayo ni ya kahawia na hula bluu vilevile. Udongo wenye mboji hutoa rangi kama hiyo pia. Maji ya kahawia hayaji na cheti cha kuzaliwa.

La pili lilikuwa sufuria. Niliomba nizione. Zilikuwa za alumini, kubwa, zile za kupikia githeri ya shule nzima, na zikishaoshwa hupangwa kwenye rafu juu ya majiko ya kuni, mdomo ukiangalia chini, zikaushwe na joto. Yaani zinakaushwa ndani ya moshi. Tulinunua maji ya betri petroli stesheni, ambayo ni maji yaliyotoneshwa na hayana kitu, tukayamimina kwenye sufuria iliyokuwa imetoka rafuni, tukayazungusha na kuyaacha muda uleule ambao mawe yalichukua kuyeyuka. Tukachuja. Karatasi ikapata vumbi jeusi kidogo. Maji yakatoka ya manjano.

Chumba kilinyamaza kidogo, halafu mwalimu akauliza kwa sauti kile kila mtu alikuwa anawaza: kwa hiyo tumepima jiko letu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mvua ya mawe iliporudi tulikuwa tayari na mitungi ya kioo iliyosuuzwa kwa maji ya betri, ikawekwa juu ya meza katikati ya uwanja mbali na miti. Safari hii vijichembe vyeusi kwenye karatasi vilikuwa vichache, na maji yalionekana meupe kabisa kwa jicho. Nilipeleka kichupa kwa jamaa zangu wa zamani maabara. Kwa nanomita 365 kulikuwa na kitu, kidogo, juu ya kile cha maji ya betri. Basi kaboni ya kahawia kutoka hewani ilikuwemo kweli ndani ya mawe yale. Ila ile rangi ya turungi iliyowafanya waandike bango ilikuwa ya jikoni na ya majani.

Hapa wanafunzi wengine wangevunjika moyo. Hawa waliuliza kuhusu trei: si barafu chafu iliyeyuka kwanza? Iliyeyuka, na haikuwa bahati. Lakini barafu iliyo kwenye trei Muhoroni inazungukwa na hewa ya joto la nyuzi ishirini na kitu, na hewa hiyo peke yake inatosha kuimaliza. Juu ya Lewis, mto wa barafu wa Mlima Kenya, hewa hukaa karibu na sifuri, hivyo nguvu kubwa inayoweza kuyeyusha ni jua lenyewe, na kiasi cha jua kinachoingia kinaamuliwa na weupe wa uso. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga. Barafu kuukuu iliyochafuka hurudisha nusu ya hapo, au chini zaidi. Kwa hiyo trei yao ilipima kidogo sana cha kile walichotaka kupima.

Tulirudia kwa trei tatu: maji ya betri, maji ya mawe ya ile siku ya kwanza yaliyochujwa, na yale yasiyochujwa. Trei yenye vijichembe vyeusi iliwahi tena. Kati ya ile ya manjano na ile safi hatukuweza kutofautisha. Na tulipozitoa frijini kabla ya kuziweka juani, tuliona jambo ambalo mimi nililipenda kuliko yote: ile ya manjano haikuwa ya manjano kila mahali. Kingo zake zilikuwa angavu kabisa, na rangi yote ilikuwa imekusanyika katikati, kama kiini. Maji yakiganda polepole hukataa vilivyoyeyushwa ndani yake. Fuwele hujengeka kutoka pembeni na kuvisukuma mbele mpaka vikose pa kwenda. Kwa hiyo kaboni ya kahawia ya trei ilikuwa imejificha ndani, wakati ile ya mlimani huanzia juu, kwenye theluji, mahali ambapo jua linagonga.

Na hata mlimani haikai sana. Chembe za masizi zisizoyeyuka huelekea kubaki usoni theluji inapoyeyuka, zikijikusanya mwaka hadi mwaka na kuuzidisha weusi. Kaboni inayoyeyuka majini huondoka na maji ya kwanza. Isitoshe, jua huichubua: mwanga wa urujuanimno huvunja zile molekuli na rangi yake hufifia, nyingine ndani ya saa chache, nyingine kwa siku kadhaa. Hii haimaanishi ni ya kupuuzwa. Barafu safi hula bluu na urujuani kidogo mno, karibu mwanga wote wa rangi hizo hurudi, na mionzi hiyo huwa mikali zaidi kadiri unavyopanda mlima. Kaboni ya kahawia hufanya kazi hasa mahali ambapo theluji safi isingekula chochote. Theluji ikishapata joto kidogo, punje zake hukua, na punje kubwa hula mwanga mwekundu na ule usioonekana uliopita nyekundu zaidi ya ndogo. Uchafu kidogo huanzisha mwendo ambao theluji yenyewe inauendeleza.

Mahali ambapo hili linawauma watu ni Himalaya na nyanda za juu za Tibet. Huko kuna barafu nyingi, kuna majiko ya kuni na ya samadi katika mabonde yaliyo chini yake, na upande wa kusini kuna uwanda wa Ganga wenye mamia ya mamilioni ya watu na mashamba yanayochomwa baada ya mavuno. Watafiti wamechimba theluji na barafu huko, wakayeyusha, wakachuja na kupima kama walivyofanya watoto hawa, kwa vyombo visafi zaidi. Wanachokuta ni kwamba, kati ya kaboni hizi mbili, masizi meusi hubeba mzigo mkubwa zaidi, na kaboni ya kahawia inayoyeyuka hubeba sehemu ndogo lakini inayohesabika. Chanzo, upepo na barafu vimepangana mstari mmoja.

Kwetu havijapangana hivyo, na hili ndilo lililonifanya nipinge kichwa cha bango bila kusita. Mlima Kenya uko mashariki yetu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Muhoroni. Pepo kuu za nchi hii hutoka mashariki: kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kusini mashariki kuanzia Juni hadi Septemba. Upepo wa ziwa wa alasiri husukuma moshi wetu hadi Nandi na Kericho, na kila mkazi wa huko anaujua, lakini ukishapanda juu mkondo mkubwa huurudisha magharibi, kuelekea ziwani na Uganda. Siwezi kusema hakuna chembe ya Muhoroni iliyowahi kutua Batian, maana dhoruba hubeba vitu mbali na siku nyingine upepo hugeuka. Ila ukinilazimisha nitaje mlima wenye barafu ulio upande ambao moshi wetu huelekea, nitakutajia Ruwenzori, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na hata huko kungehitajika ushahidi wake.

Moshi unaofika Mlima Kenya umepimwa. Kuna kituo cha kupima hewa kwenye mteremko wa mlima huo, mita 3,678 juu ya bahari, chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kilichoanza mwaka 1999. Njia ya kujua masizi yametoka wapi ni kuuliza kaboni yenyewe. Kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, huoza, nusu yake kila miaka 5,730, kwa hiyo dizeli iliyokaa ardhini mamilioni ya miaka haina hata chembe, na mmea uliokatwa juzi inayo. Kaboni 13, aina nyingine isiyooza, hutofautisha miti na nyasi za nchi za joto. Vipimo vya namna hiyo vya masizi, vilivyofanywa kwenye kituo cha mlimani Rwanda, vilionyesha kuwa chanzo kikuu ni moto wa mimea, hasa mioto ya savana ya ukanda mzima huu, mbele ya mafuta ya magari. Mwanafunzi mmoja aliruka: miwa si nyasi? Ni nyasi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Miwa, mahindi, mtama na nyasi za savana zote hutumia njia moja ya kutengeneza chakula na zote huacha alama inayofanana ya kaboni 13. Kipimo hicho hakiwezi kumtenga mchoma miwa wa Chemelil na moto wa mbuga ulioanza mamia ya kilomita kusini. Nilimsifu kwa swali hilo kuliko kwa kitu kingine chochote kwenye bango.

Na barafu ya Mlima Kenya inaisha kwa nini? Mwanzoni mwa karne ya 20 ilihesabiwa mito 18 ya barafu huko juu. Lewis, ambao umepimwa kuliko mingine, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na baadaye ukakatika vipande viwili. Kupungua kwenyewe kulianza mwishoni mwa karne ya 19, na waliouchunguza kwa makini wameona kuwa ukame wa milimani ndio uliotangulia: theluji haikuanguka ya kutosha. Joto la dunia limeongeza kasi. Theluji ikikosekana, barafu haipati chakula, na pia inabaki uchi, kijivu, ikila jua mchana kutwa. Vumbi, masizi na viumbe vidogo vinavyoota juu ya barafu vinaongeza weusi huo, kwa hiyo moshi una sehemu yake. Mtu akija na bango linalosema moshi wa mimea wa Afrika Mashariki unachangia kuuchafua uso wa barafu ile, nitamsikiliza. Akisema mashamba ya miwa ya kwetu ndiyo yanayoiyeyusha, nitamwomba anionyeshe upepo kwanza.

Tulikaa na wanafunzi tukaandika upya. Kichwa kipya kikawa swali: Je, rangi ya kahawia katika mvua ya mawe inatoka hewani? Kipimo cha maji ya betri ndani ya sufuria, ambacho awali waliona aibu kukionyesha, kikawekwa katikati ya bango. Mwalimu alisita hapo, akihofia waamuzi wataona ni kasoro. Nilisisitiza kibaki, kwa sababu bila hicho hakuna anayeweza kuamini namba nyingine yoyote iliyo pale.

Halafu wakaenda mbele bila kuniuliza, na hili lilinifurahisha. Kama sufuria ziliweza kuyapaka maji rangi, walitaka kujua hewa ya jikoni ikoje. Wakatundika karatasi za kuchujia kwenye waya juu ya majiko, siku moja kwa kuni mbichi zilizoletwa asubuhi hiyo, na siku nyingine kwa kuni zilizokaa darini zikakauka, githeri ileile, sufuria ileile. Karatasi ya kuni kavu ilitoka kijivu cheusi. Ya kuni mbichi ilitoka ya kahawia, yenye mafuta kidogo ukiigusa, na walipoilowesha kwenye maji ya betri maji yakageuka papo hapo. Ni fizikia ileile ya moto mkali na moto wa kufuka, imeandikwa kwenye karatasi mbili zenye upana wa kiganja.

Mpishi, mama mwenye umri ambaye amekuwa pale miaka mingi, alizitazama karatasi hizo na kusema hahitaji kuonyeshwa, macho na kifua chake vinazijua kuni zipi ni zipi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chembe ndogo za hewani zisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na jiko la kuni lisilo na dohani haliwezi kukaribia kiwango hicho wakati wa kupika. Wanafunzi walimpelekea mwalimu mkuu karatasi zote mbili pamoja na ombi la ukurasa mmoja. Shule sasa inanunua kuni muhula mmoja kabla na kuzipanga chini ya paa la mabati nyuma ya ghala. Rafu ya sufuria imehamishiwa ukuta wa nje, upande wa jua. Dohani bado; bajeti yake imeahidiwa muhula ujao, na mwalimu wa kemia amewapa wanafunzi kazi ya kupima kwa karatasi zilezile, kabla na baada ya kujengwa.